Pesa, Peso na Dala: Maneno ya Sarafu katika Kiswahili cha Dar es Salaam

Katika mazungumzo ya Kinondoni na Temeke, neno pesa husikika sokoni, vituoni na kwenye vibanda vya mawakala wa simu. Linafanana mno na peso la Kihispania, ambalo maana yake ya asili ni "uzito", na ambalo lilikuwa jina la sarafu iliyosambaa duniani kutokana na madini ya Mexico na Potosí. Mfanano huo, pamoja na historia ya Wareno katika pwani tangu 1498, hushawishi kulihesabu neno pesa miongoni mwa mikopo ya Kiiberia. Ushahidi wa sauti na wa hesabu unapinga dhana hiyo.

Kwanza ni sauti. Mikopo ya Kireno hudumisha irabu ya mwisho: vinho ilizaa mvinyo, na copo ikazaa kopo. Aidha, s iliyo kati ya irabu hutamkwa z katika Kireno, ndiyo maana mesa ikawa meza. Kwa kanuni hizo, peso ingetarajiwa kuwa *pezo. Paisa ya Kihindi, kinyume chake, inaelekea moja kwa moja kwenye pesa.

Pili ni hesabu. Sarafu za shaba zilizotolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki kuanzia 1890 ziliitwa pesa, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Huo ni mgawanyo wa Kihindi: rupia ni ana 16, na ana ni paisa nne. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliigawa rupia katika heller 100, na hapo likazaliwa neno hela. Sarafu zote mbili zilitoweka, lakini majina yake yalipanuka maana, kutoka kipande cha shaba hadi mali yote ya kutumia. Pesa ilipata uhai mpya zaidi M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008.

Hata hivyo, Uhispania haikukosa urithi wake. Neno real, "ya kifalme", lilipitia Kiarabu na kufika pwani kama riale, jina lililotumiwa pia kwa sarafu ya Maria Theresa. Peso yenyewe iliitwa dola na Waingereza, na mwaka 1792 Marekani iliipima dola yake kwa sarafu hiyo. Katika miaka ya 1940, pauni moja ilipokuwa sawa na takribani dola nne, shilingi tano za Afrika ya Mashariki zilikaribia thamani ya dola moja. Shilingi tano zikaitwa dala. Mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa jijini mwaka 1983, nauli ilikuwa dala, na mwito wa makondakta ukawa jina la chombo: daladala.

Kwa hiyo, neno linalofanana na peso halikutokana nayo, ilhali lile lisilofanana nayo hata kidogo linabeba kumbukumbu ya thamani yake. Etimolojia inayotegemea mfanano pekee huifuta Bahari ya Hindi katika historia ya pesa, na huipita daladala bila kuiona.