Kuwaka na Kuamka: Historia ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Kompyuta ya mezani ya zamani ikikataa kufanya kazi, karani huandika katika taarifa yake kwamba "haiwaki". Neno hilo tumelitoa kwenye moto na taa, kisha tukalipeleka kwenye injini ya gari. Kwa taa latosha, maana taa ikipata umeme kazi yake imekwisha anza. Kwa kompyuta halitoshi.

Huko Marekani, katika miaka ya 1950, wataalamu walikabiliwa na kitendawili: mashine haiwezi kupakia programu yoyote bila kuwa na programu ndogo ya kuipakia. Jambo hilo wakalipa jina kutokana na usemi wa Kiingereza wa mtu ajiinuaye kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. (Mfasiri atakayetafuta teke katika buti hizo atapotea.)

Kompyuta ndogo ya IBM iliyotangazwa Agosti 1981 ilihifadhi programu hiyo ndani yake daima. Ilipopata umeme ilijikagua kwanza. Mlio mmoja mfupi ulimaanisha kwamba hakuna kasoro. Mlio mrefu uliofuatwa na miwili mifupi ulielekeza kwenye kadi ya skrini. Tarakimu 201 zilihusu kumbukumbu, 301 kibodi, 601 disketi. Baada ya hapo ndipo ilipoutafuta mfumo wa uendeshaji. Ilipoukosa, iliingia katika lugha ya BASIC iliyokuwa ndani yake, na mgeni wa mashine akadhani imeharibika, kumbe disketi haikutiwa. Aina ya AT ya mwaka 1984 iliongezewa betri ya kutunza mipangilio. Betri hiyo ilipokwisha nguvu, tarakimu 161 zilitokea ingawa umeme ulikuwa mzima.

Katika hali hizo mashine imewaka, ila haijaamka. Napendekeza basi "kuwaka" libaki kwa umeme, na "kuamka" litumike tangu kujikagua hadi mfumo kuwa tayari. Programu ile ndogo yaweza kuitwa "kiamshi". Nomino "mwamko" tuiache, kwani siasa imekwisha ichukua, "uamkaji" yafaa. Wako wanaopenda "kuanzisha", lakini kitenzi hicho twakihitaji kwa programu za kawaida.

Karani akiandika "imewaka, haijaamka, yaonyesha 161", fundi atakuja na betri, wala ofisi haitanunua kifaa kipya cha umeme.