Kuanza na Kuanza Upya: Programu za Kompyuta ya Apollo, 1969

Historia ya kompyuta imezoea kupima maendeleo kwa kasi ya mitambo na ukubwa wa kumbukumbu. Suala la namna programu inavyoanza kutenda kazi limepewa nafasi ndogo. Insha hii inalichunguza suala hilo kupitia kompyuta ya kuongozea vyombo vya Apollo, iliyobuniwa nchini Marekani katika maabara ya MIT iliyoongozwa na Charles Stark Draper. Hoja kuu ni kwamba kilichoinusuru kompyuta hiyo wakati wa kutua mwezini tarehe 20 Julai 1969 hakikuwa mpangilio wa vipaumbele peke yake, kama inavyosimuliwa mara nyingi, bali utaratibu wa kuanza upya, ambao ulitungwa kwa ajili ya tatizo tofauti.

Katika kompyuta ya mezani, kuanzisha programu ni kuitoa kwenye diski na kuiweka katika kumbukumbu ya kazi. Kompyuta ya Apollo haikuwa na diski. Programu zake zilifumwa kiwandani kwa nyaya zilizopitishwa ndani au nje ya vijiduara vya sumaku. Kumbukumbu hiyo ya kudumu ilikuwa na maneno 36,864, kila neno likiwa na biti 15 za data, na haikuweza kubadilishwa safarini. Kumbukumbu inayofutika ilikuwa na maneno 2,048 tu. Hivyo basi, programu ilikuwapo tayari. Ilichohitaji ni mahali pa kuandikia hesabu zake. Kuanza kulimaanisha kupata nafasi.

Ugawaji wa nafasi hizo ulifanywa na programu simamizi, ambayo misingi yake iliwekwa na J. Halcombe Laning. Kila kazi iliyoombwa ianze ilitajiwa anwani na kipaumbele, kisha ikapewa fungu la maneno 12. Kazi yenye hesabu nzito iliongezewa eneo la maneno 44, na maeneo ya aina hiyo yalikuwa matano tu. Kazi yenye kipaumbele cha juu ilitangulia, huku nyingine zikisubiri bila kuachia mafungu yao. Mafungu yalipokwisha, kompyuta ilitoa tahadhari namba 1202; maeneo makubwa yalipokwisha, ilitoa namba 1201. Katika hali zote mbili, mfumo ulijianzisha upya.

Kuanza upya huko kulitofautiana na kuanza kutoka mwanzo, ambako kulifuta kazi zote zilizokuwa zikiendelea. Wabunifu walihofia kuyumba kwa umeme na hitilafu nyingine za mpito, ambazo zingeweza kuikatiza kompyuta katikati ya hesabu. Kwa sababu hiyo, kila programu muhimu ilipovuka hatua fulani, iliandika namba ya hatua hiyo katika jedwali, pamoja na nakala yake iliyogeuzwa biti kwa biti ili uharibifu wowote ugundulike. Mfumo ulipoanza upya, ulilisoma jedwali na kuziendeleza kazi kutoka hatua ya mwisho iliyoandikwa. Kazi ambayo haikuandikwa humo haikurudi.

Wakati Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakishuka, rada iliyokusudiwa kuwasaidia kukutana tena na chombo mama ilikuwa ikitumia umeme ambao awamu yake haikuoana na ule wa mfumo wa uongozaji. Matokeo yake, kompyuta ilipokea mapigo mengi yasiyo na maana, nayo yalimeza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya muda wake. Kila baada ya sekunde 2, kazi ya kukokotoa mwendo wa chombo iliombwa ianze. Muda ulipopungua, kazi mpya ilianza kabla ile ya awali haijakamilika, na mafungu yakajaa. Aldrin alipoomba aonyeshwe tofauti kati ya kimo kilichopimwa na rada ya kutua na kile kilichokokotolewa na kompyuta, mzigo ulizidi. Tahadhari zilitokea mara tano: namba 1202 mara nne na namba 1201 mara moja.

Mwaka 1971, Margaret Hamilton, aliyeongoza utungaji wa programu hizo, alieleza kwamba kompyuta iliondoa kazi za kipaumbele cha chini na kuzirejesha zilizo muhimu zaidi. Masimulizi ya baadaye yameshika zaidi sehemu ya kwanza ya maelezo hayo. Hata hivyo, mafungu yalijazwa kwa kiasi kikubwa na marudio ya kazi ileile ya uongozaji, yenye kipaumbele kilekile. Kipaumbele hakingeweza kuamua ipi iondolewe. Don Eyles, mmoja wa watunzi wa programu za kushuka, alibainisha mwaka 2004 kwamba kuanza upya ndiko kulikofagia mabaki na kurejesha kazi moja tu ya uongozaji, ile ya karibuni. Onyesho aliloliomba Aldrin halikuwamo katika jedwali, hivyo likatoweka na mzigo ukapungua.

Huko Houston, Jack Garman alimshauri Steve Bales, aliyesimamia uongozaji, kwamba safari iendelee mradi tahadhari zisitokee mfululizo. Ushauri huo ulikuwa na maana kwa sababu kila kuanza upya kuliacha injini ikiwaka na mahali pa chombo pakijulikana.

Tukio hili, kwa hiyo, halielezeki kwa bahati wala kwa utabiri wa wabunifu. Hakuna aliyelitunga jedwali la hatua kwa ajili ya rada iliyokosa kuoana. Lakini kwa kulitunga, wahandisi walilazimika kuamua mapema, kazi baada ya kazi, ipi irejeshwe na ipi iachwe ipotee. Uamuzi huo, uliofanywa kwa kuhofia umeme kuyumba, ulitosha pia pale muda wenyewe ulipopungua.