Wageni wa Rungwe na mkoba wa mwenyeji

Kata ya Kisondela haina lango la hifadhi wala kibanda cha kukatia tiketi. Kama ilivyo kwingi wilayani Rungwe, utajiri wake ni migomba, chai, ng'ombe wa maziwa na mvua isiyokatika. Mgeni akitaka kununua kitu hapa, atanunua siku ya mwenyeji: kuchuma chai asubuhi, kumenya ndizi za mbalaga, kusalimia wazee, kisha kulala kwenye chumba cha kijana aliye shule ya bweni. Leo tunauita utalii wa utamaduni, na wengi wanadhani umezaliwa juzi. Wanyakyusa, wenyeji wa hapa, wamekuwa wakilaza wageni wa mbali kwa zaidi ya miaka 130. Kwa muda mwingi kati ya huo, faida ya ziara ilikwenda na mgeni.

Mwaka 1891 walifika wamisionari wa Kijerumani wa madhehebu mawili, Wamoraviani na wa Misheni ya Berlin. Wamoraviani walijenga chini ya Mlima Rungwe kwa idhini ya machifu, wakijifunza lugha kwa watu waliowakaribisha. Mmoja wao, Theodor Meyer, aliandika mila za wenyeji wake tangu mwaka huo hadi 1916. Maandishi hayo yalichapwa mwaka 1989, kwa Kijerumani. Waliomsimulia walikuwa wamekwisha kufa zamani.

Wageni waliokaa kwa makini kuliko wote ni Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi Unyakyusa kati ya 1934 na 1938. Walichokiona kiliwashangaza wasomi wa dunia. Mvulana akikaribia miaka kumi aliondoka nyumbani, akajenga kibanda na wenzake wa rika pembeni mwa kijiji cha baba zao. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, wakizunguka kwa kundi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walipooa, vibanda vile viligeuka kijiji kamili. Sababu mojawapo ilikuwa heshima: mke hakutakiwa kukutana na baba mkwe wake, hivyo mwana na baba kukaa uwanja mmoja kulikuwa taabu tupu. Halafu kulikuwa na raha ya kukaa na wenzako, kula na kuongea bila haraka, ambayo Wanyakyusa waliihesabu kuwa sehemu ya utu wa mtu. Kitabu cha Monica kuhusu vijiji hivyo kilitoka mwaka 1951 na kimesomwa katika vyuo vikuu vingi.

Msomaji wa kitabu hicho akija Rungwe leo kutafuta vijiji vya rika, atarudi mikono mitupu. Ardhi ilibana. Chai, iliyopandwa Kyimbila na Wajerumani tangu 1904, pamoja na kahawa na migomba ya kudumu, ilifanya shamba liwe mali ya kurithisha, na kijana hakuwa tena na pa kuhamia na wenzake. Philip Gulliver, mtafiti wa serikali ya kikoloni, aliieleza hali hiyo katika ripoti yake ya 1958. Kwa hiyo naona hakuna haja ya kumjengea mtalii kijiji cha maigizo. Nyumba ya bati yenye sola, na jiko la kuni nyuma yake, ndiyo Unyakyusa ya kweli.

Mabadiliko ya mkoba, yaani faida kubaki kwa mwenyeji, yalianzia mbali na hapa. Katikati ya miaka ya 1990, shirika la Kiholanzi la SNV lilishirikiana na Bodi ya Utalii Tanzania kusaidia vijiji kupokea watalii vyenyewe, Longido ya Wamaasai ikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Mgeni alilipa moja kwa moja kwa muongozaji, kwa mpishi, na ada ya maendeleo ya kijiji. Longido ada ililenga josho la ng'ombe. Ng'iresi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, shule ya msingi. SNV ilimaliza mradi mwaka 2001, utaratibu ukabaki.

Huku Nyanda za Juu Kusini watalii ni wachache, na bei ni ndogo kuliko kaskazini. Katika mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, kulikuwa na ofisi ya Rungwe Tea & Tours iliyowapatia wageni waongozaji wa kwenda Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu na maporomoko ya Kaporogwe, bei ikijumuisha ada ya jamii. Unafuu wa bei humfaa mgeni. Mama anayeamka alfajiri kuchemsha maji ya kuoga ana haki ya kujua sehemu yake kabla mgeni hajafika, na hapo ndipo mipango mingi hulegea.

Wenyeji wana jambo la kuuza zaidi ya kitanda: ujuzi wao. Mwaka 2003, watafiti wa wanyamapori walisikia kwa wawindaji wa Mlima Rungwe habari za kima aitwaye kipunji. Wakamtafuta, wakamwona, na mwaka 2005 wakamtangaza kuwa spishi mpya. Mwaka uliofuata alipewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Wawindaji walikuwa wakimjua siku zote, kwa sauti na kwa miti anayoipenda.