Willy Gamba

Willy Gamba ni jasusi wa kubuni aliyeumbwa na mwandishi Mtanzania, Aristablus Elvis Musiba. Alianza katika riwaya ya Kufa na Kupona (1974), akarejea katika Kikosi cha Kisasi, Njama, Hofu na Uchu. Kama James Bond, ni mtanashati, hodari wa bastola na mpenda starehe. Chuku za Bond zilifika kileleni katika filamu ya Moonraker (1979), alipopelekwa anga za juu kwenye vita vya miale ya leza. Chuku za Gamba hubaki ardhini, Nairobi au Kinshasa, ambako mtu mmoja huangamiza genge zima. Zinavumilika kwa sababu zinatumikia jambo zito: ukombozi wa Afrika.