Ufundishaji wa kuzingatia tofauti za wanafunzi

Ufundishaji wa kuzingatia tofauti za wanafunzi ni utaratibu ambao mwalimu hulenga umahiri mmoja kwa darasa zima, ila hubadili njia, zana, kazi au muda kulingana na mahali kila mtoto alipofikia. Usichanganywe na mikondo. Mikondo inayopangwa kwa alama huwatenga wepesi na wazito kila kundi na chumba chake. Utaratibu huu huwaacha wote mbele ya ubao mmoja. Wala si elimu maalumu peke yake.

Kitaaluma, anayetajwa sana ni Carol Ann Tomlinson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Lakini tatizo lenyewe, la watoto wasiolingana ndani ya darasa moja, ni la zamani kuliko jina lake; lina umri wa shule zenyewe. Kilema, kwa mfano, iliyoko kwenye mteremko wa Kilimanjaro, Moshi Vijijini, kati ya Kirua na Marangu, ilipata shule mapema baada ya Wamisionari wa Roho Mtakatifu kupanda kutoka Bagamoyo na kufungua misheni mwanzoni mwa miaka ya 1890.

Tofauti za leo huanzia nyumbani. Katika darasa la kwanza la vijiji vya mteremko huu, aliyelelewa kwa Kichagga huketi dawati moja na aliyeletwa kwa bibi kutoka Dar es Salaam, ambaye Kiswahili kinamtoka bila kigugumizi lakini Kichagga cha wenzake hakimwingii. Mmoja amepitia elimu ya awali na anazijua silabi. Mwingine ndiyo kwanza anashika penseli. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK), ulioanza 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, uliwapunguzia walimu msururu wa masomo ili stadi hizo zipate nafasi. Haukuwapunguzia watoto: elimu bila ada ilipoanza 2016, uandikishaji uliongezeka.

Chukua hisabati ya darasa la pili: 32 kutoa 17. Anayeandika 25 hajakosea ovyo. Ametoa 2 katika 7 kwa sababu 7 ndiyo kubwa, kisha 1 katika 3. Ana kanuni yake, nayo ni mbovu. Aliyeacha wazi ana shida nyingine kabisa, pengine hajui kuwa ile 3 ni makumi. Kuwaandikia wote wawili alama ya kosa na kurudia mfano uleule ubaoni hakumsaidii yeyote.

Mwalimu anayezingatia tofauti humpa huyu wa pili vijiti vilivyofungwa kumikumi kwa kamba za mgomba, ayahesabu mafungu kabla ya kutoa chochote. Wa 25 hupewa mafungu matatu na vijiti viwili, atoe saba mkononi. Viwili havitoshi, hulazimika kufungua fungu, na hapo kanuni yake hujivunja yenyewe. Waliopata 15 hutunga swali la ndizi za mchare zinazopelekwa sokoni Himo, wakabadilishana madaftari. Somo ni moja, dakika ni zilezile. Kesho vikundi huvunjwa, maana mtoto mzito wa kuhesabu huweza kuwa msomaji hodari, na kikundi kisichobadilika ni mkondo uliofichwa.

Kikwazo ambacho hakitajwi sana ni karatasi. Andalio la somo lina safu moja ya shughuli za wanafunzi, kana kwamba darasa ni mtu mmoja, na mwalimu anayejua atakaguliwa hujaza kinachoingia kwenye safu hiyo. Wapo wanaoandika kazi tatu ndani ya kisanduku kimoja kwa herufi ndogo.

Kwa ulemavu, mambo yamepangika zaidi. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu, na Shule ya Msingi Mwereni, mjini Moshi, huwasomesha wasioona pamoja na wanaoona. Baraza la Mitihani la Tanzania huchapa mitihani ya nukta nundu kwa wasioona na ya maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu. Mtoto mwenye macho mazima ambaye bado anaunganisha silabi kwa kidole, aliyefikishwa darasa la saba na miaka tu, hupewa karatasi ileile ya jirani yake.