Shayiri ya Glenlivet

Ndugu mkulima, leo tutazame bonde la Glenlivet, huko Scotland. Zamani wakulima wa bonde hilo walipika wiski kwa magendo, maana kodi ilikuwa kubwa. Mwaka 1823 serikali ikapunguza kodi na kuweka leseni ya pauni 10. Mwaka 1824 mkulima George Smith akakata leseni. Je, majirani walifurahi? Hata kidogo! Wenye magendo walitishia kumchomea kiwanda, ikambidi atembee na bastola mbili.

Kazi yenyewe ni hivi. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa. Hicho ndicho kimea. Husagwa, hutiwa maji ya moto, na maji yake matamu hutiwa hamira. Yakishachacha, huchemshwa katika mitungi ya shaba, mvuke ukapozwa, mara mbili. Sheria yataka pombe hiyo ikae katika mapipa ya mwaloni miaka 3 au zaidi.

Na machicha je? Hayatupwi, ng'ombe hulishwa, na samadi hurudi shambani. Nafaka moja, faida mbili. Haya ndugu, wewe machicha yako unayapeleka wapi?