Mtama, kiduha na ua lisilo na chavua

Kuna ua ambalo mkulima wa Shinyanga akiliona shambani hunyong'onyea. Ni la zambarau, zuri machoni, limechomoza shinani mwa mtama. Ni kiduha. Anayeking'oa ameshachelewa, maana kabla hakijaona jua kilikwisha kujiunga na mizizi ya mtama na kuunyonya. Mche mmoja humwaga makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo hulala ardhini miaka kumi na zaidi.

Vita hivi ni vya zamani. Mtafiti Hugh Doggett alichambua aina za mtama, akitafuta zinazostahimili kiduha, katika kituo cha Ukiriguru, Mwanza, kisha akahamia Serere, Uganda. Kutoka Serere ikaja Serena, mtama wa punje za kahawia unaowahi kukomaa.

Wakati huo mtama ulikuwa na habari nyingine Texas, Marekani. Ua lake lina dume na jike pamoja, hujichavusha lenyewe. Kuyahasi maua kwa mkono hadi upate magunia ya mbegu chotara, za wazazi wa aina mbili, ni kazi isiyokwisha. Mwaka 1954 watafiti Stephens na Holland walieleza dawa yake: mtama uitwao milo ulipofanywa mama na mwingine uitwao kafir ukawa baba, kizazi baada ya kizazi, ulipatikana mmea usiotoa chavua. Ukiupanda kando ya mistari ya baba mwingine mwenye chavua, kila punje unayovuna kwake ni chotara.

Mtafiti Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, aliitumia njia hiyo Sudan, na mwaka 1983 chotara Hageen Dura-1 akatoka. Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Purdue, aligeukia kiduha. Mbegu ya kiduha haioti mpaka ipate kemikali inayotolewa na mzizi. Mitama michache huinyima kemikali hiyo. Kutokana na kazi hiyo Tanzania ilipata aina za mtama Hakika na Wahi mwaka 2002. Hizi si chotara: mkulima huchagua masuke mazuri akayatunza kwa msimu ujao.

Kwa chotara mambo ni magumu zaidi. Tabia hiyo ya kukinyima kiduha hujificha: mtoto akiirithi kwa mzazi mmoja tu, haionekani. Lazima mama asiye na chavua na baba wote wawe nayo. Hapo ndipo alama za vinasaba zinapofaa. Mchimbaji wa Geita hufuata mshipa wa jiwe jeupe, si kwamba jiwe ndilo dhahabu, bali viwili hivyo hukaa jirani. Alama nayo hukaa jirani na kinasaba kinachotafutwa. Mwaka 2017 kinasaba chenyewe, LGS1, kilitajwa rasmi.

Leo kipande cha jani la mche mchanga kinatosha kumwambia mtafiti kilichofichika, kabla ua halijafunguka na kabla kiduha hakijachomoza.